Ila ya Gari la Baba

Gari la marehemu baba yangu, Peugeot 404 ya mwaka 1966, ambalo watu wa mtaa wetu wa Chumbageni, mjini Tanga, walilijua kwa jina la Pijo la Karani, lilianza kugoma kuwaka mwanzoni mwa mwaka 1983, na lau lingaligoma siku zote, kama yagomavyo magari mengine yaliyochakaa, kisa hiki kisingalikuwapo, kwa maana gari lisilowaka kabisa humpa fundi wa kawaida kazi ya nusu siku, na jambo likaisha. Hili lilikuwa na ila ya kuja na kuondoka, mfano wa homa ya vipindi, ambayo mgonjwa hutetemeka nayo usiku chini ya mablanketi matatu, na asubuhi afikapo mbele ya tabibu mwili wake umepoa na kauli yake imetulia, hata tabibu akadhani ameletewa mtu mwenye deko.

Baba alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa nidhamu na wa maneno machache, na gari lile alilinunua mwaka 1971 kwa mkono wa pili, baada ya kuweka akiba miaka mingi. Alilipenda kwa sababu mbili: kwanza kwa kuwa ndicho kitu kikubwa cha kwanza alichokipata kwa jasho lake bila kukopa, na pili kwa kuwa mwaka lilipoundwa ndio mwaka ambao Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mbio za East African Safari kwa gari la namna ile ile, akazishinda tena mwaka wa pili yake, 1967. Mgeni yeyote aliyeketi barazani kwetu hakuondoka kabla ya kusimuliwa habari hiyo, nasi watoto tulikuwa tukiijua kwa moyo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Mtu huingia, hutia ufunguo, taa nyekundu za dashibodi humwangazia kama kawaida, naye anapouzungusha ufunguo hadi mwisho husikia chini ya boneti mlio mmoja mdogo, tk, kama wa mjusi ukutani, kisha kimya. Huzungusha tena, tk, kimya. Hapo wapita njia huitwa, gari husukumwa hatua kumi na tano au ishirini, klachi huachiwa, na injini huwaka papo hapo kwa sauti nzuri isiyokuwa na kikohozi chochote. Jioni ya siku hiyo likawaka kwa ufunguo bila ya shida, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka watu wa nyumbani wakasahau. Na siku waliyosahau ndiyo siku lililogoma tena, aghalabu mahali ambapo pana watu wengi na haraka kubwa.

Tulifanya kama wafanyavyo watu wote. Kwanza tulinunua betri, na kununua betri katika siku zile hakukuwa jambo dogo, kwa kuwa nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda na hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka, spea zilitafutwa kama dawa, na Mombasa, ambayo kwa mtu wa Tanga ni jirani, ilikuwa mbali kuliko Ulaya, madhali mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 na haukufunguliwa ila Novemba ya mwaka huo wa 1983. Betri mpya ilipofungwa gari liliwaka siku nane mfululizo, tukamshukuru Mungu na tukamsifu fundi. Siku ya tisa likagoma. Fundi wa pili akaishusha stata, akaifungua, akatutolea kaboni zilizolika, akatia nyingine. Likawaka siku sita. Wa tatu akabadilisha swichi ya ufunguo. Wa nne, ambaye tulielekezwa kwake na jirani mwenye nia njema, akabadilisha koili, jambo ambalo mimi nalijutia mpaka leo, si kwa fedha, bali kwa sababu nilikuwa na elimu ya kutosha kumzuia: koili hupeleka cheche katika plagi, na gari ambalo huwaka mara moja linaposukumwa limekwisha kutoa ushahidi kwamba cheche linayo na petroli linayo, na kwamba kilicholipungukia ni nguvu ya kuzungusha injini tu. Ushahidi huo ulikuwa mbele yetu kila siku, na watu waliolisukuma gari walikuwa mashahidi wake, wala hakuna aliyewauliza.

Nimetafakari sana juu ya miezi ile, na naona kosa letu halikuwa uchache wa maarifa. Kosa letu lilikuwa kuhesabu kupona kabla hatujajua kuugua. Ila inayokuja na kuondoka kwa wakati wake yenyewe itaondoka hata ukiifanyia jambo lisilo na maana, na mtu aliyefanya jambo hilo usiku wa kuamkia siku njema ataondoka na sifa asiyoistahili, naye hana hila yoyote, anaamini kweli kwamba ametibu. Hivyo ndivyo tulivyowalipa mafundi wanne kwa siku walizozikuta, si kwa kazi waliyoifanya. Na kama sifa inavyoweza kumwangukia mtu kwa bahati, ndivyo na lawama inavyoweza kumwangukia mwingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike habari hizi, kwa maana nyumbani kwetu lawama ilimwangukia mtoto.

Alikuwa mwana wa shangazi yangu, ambaye alifariki akamwachia baba malezi yake, kijana wa miaka kumi na mitatu, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuliosha gari kila Ijumaa asubuhi, ili mjomba wake aende nalo msikitini likiwa linang'aa; alianza na paa, akashuka vioo, akamalizia magurudumu, na hakuna aliyemfundisha utaratibu huo. Ijumaa moja gari liligoma mbele ya msikiti, watu wakitoka katika swala, na wiki ya pili likagoma Ijumaa tena. Baba, aliyekuwa amechoka na gharama na aibu, akafunga hesabu: maji yanaingia katika nyaya, na anayeyaingiza ni huyu. Akamkataza asilikaribie. Gari liliendelea kugoma baada ya katazo lile, na hapo ndipo nilipoona jinsi dhana inavyojilinda, maana baba alisema kuwa maji yaliyokwisha kuingia hayatoki upesi. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa neno la mjomba, kama mjomba na mpwa waitanavyo kwa mapenzi, alimwita wewe. Nami nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, nilisikia moyoni kwamba mtoto anadhulumiwa, nikanyamaza kwa kuwa sikuwa na yakini ya kuweka mahali pa dhana ya baba.

Katika mwezi wa Juni nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi wa umeme, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini, hana ubao wala jina mlangoni. Nilimweleza yote, nikitegemea atachukua spana. Hakuinuka hata kitini.

"Mwalimu," aliniambia, "gari lako limefika hapa likiwaka?"

Nikamjibu kuwa limewaka.

"Basi leo sina mgonjwa. Nikifungua kitu leo nitafunga kitu leo, nawe utanilipa, na sote wawili hatutajua nimefanya nini. Nunua daftari."

Akaniagiza niandike kila mara gari lilipowashwa, likiwaka au lisipowaka: saa, mahali, limetoka safari ndefu au limelala, kuna jua au mvua, limeoshwa au halikuoshwa. Akaniagiza pia kwamba kila likigoma niwashe taa kubwa za mbele na kuzitazama huku nikizungusha ufunguo, niandike kama zinafifia. Na akasema nisibadilishe lolote katika mwenendo wa gari, kama huoshwa lioshwe. Baba hakukubali kijana arejee kuliosha, kwa hiyo Ijumaa zile nililiosha mimi mwenyewe, kwa ndoo ile ile na kitambaa kile kile, na yule kijana alikaa barazani akinitazama bila kusema neno, macho yake yakinifuata kutoka paa hadi magurudumu.

Sikujua, mpaka nilipoanza kuandika, jinsi kumbukumbu ya mwanadamu ilivyo wakili wa dhana zake. Ningaliulizwa kabla ya daftari, ningaliapa kuwa gari hugoma zaidi jioni. Daftari lilionyesha asubuhi na jioni sawasawa. Ningaliapa kuwa hugoma likiwa moto baada ya safari. Mara mbili liligoma alfajiri baada ya kulala usiku kucha penye umande. Ningaliapa kuwa lina wiki mbaya na wiki njema, hazikuwapo. Katika siku 30 liligoma mara 7, na katika hizo ni mara moja tu lilipogoma siku ya kuoshwa au kesho yake, mara sita likiwa kavu. Jambo moja peke yake lilikuwa halibadiliki katika mistari yote saba: taa za mbele ziliwaka kwa nguvu zote, na hata ufunguo ulipozungushwa hazikufifia hata kidogo.

Siku ya 30 ilikuwa Jumanne. Gari liligoma shuleni, wanafunzi wakalisukuma kabla sijafungua mdomo, nami nikaenda nalo moja kwa moja Ngamiani na daftari mkononi. Mzee alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikifuata mstari, na alipofika penye taa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alinieleza kuwa betri ikichoka, au vichwa vyake vikishika ukungu, basi stata inapodai nguvu yake taa nazo huona njaa na kufifia. Taa zisipofifia, maana yake stata hata haikufikiwa na nguvu ile, njia imekatwa baina yake na betri. Kisha akaniuliza swali ambalo mafundi wanne hawakuniuliza.

"Ulipokuwa ukijaribu kuwasha, uliguswa na nini kingine? Kelele, harufu, moto, chochote ambacho hukukiandika kwa kuona hakihusu."

Nilinyamaza kidogo, na hapo nikakumbuka Mombo. Tulikuwa tukienda Lushoto, mwezi wa Machi, tukasimama kunywa chai kabla ya kuupanda mlima, na gari likagoma. Katika haraka yangu nilizungusha ufunguo mara nyingi, kisha nikashika kifundo cha choki nikivute, nikakiachia upesi kwa kuwa kilikuwa moto wa kuunguza vidole. Nilidhani ni jua la Mombo. Sikumwambia mtu, hata katika daftari, lilipotokea tena kwa udogo wake mwezi ule wa Juni, sikuliandika, kwa sababu choki ni kamba ya kabureta na mimi nilikuwa nikitafuta ila ya umeme.

Mzee aliweka daftari chini polepole. "Sasa tumefika karibu," alisema. "Likigoma tena, usilisukume, na usimwache mtu alisukume. Niite."

Halikugoma tena siku hiyo wala wiki hiyo. Likakaa siku 11, muda mrefu kuliko wote tangu daftari lianze, hata nikaanza kudhani kwamba limepona lenyewe, na nikastaajabu kuwa nilikuwa nikiomba gari la baba yangu ligome. Siku ya 41, Jumamosi asubuhi, lilipogoma mbele ya nyumba, nilipanda baiskeli nikapiga pedali hadi Ngamiani nikamleta mzee nyuma juu ya keria, begi lake la vyombo likiwa mapajani.

Chombo alichokitoa kilikuwa kimoja, taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili. Mguu mmoja wa taa aliugusisha na chuma cha injini, wa pili na kichwa cha hasi cha betri, akamwambia baba, "Bwana Karani, zungusha ufunguo." Taa ile, kwa haki, ilipaswa kukaa gizani, kwa sababu injini na kichwa cha hasi ni kitu kimoja, vimefungwa pamoja kwa waya wa ethi, na baina ya kitu na nafsi yake hapana umeme. Ikawaka. Nikaiona ikiwaka mchana kweupe, nami niliyesimama ubaoni miaka mitano nikifundisha kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827 nikafahamu kwa mara ya kwanza kwamba kanuni ile inaweza kuonekana kwa macho. Kisha akachukua waya mnene, akaunganisha injini na kichwa cha hasi, akasema zungusha, na stata ikazunguka kwa nguvu. Akauondoa, tk, kimya. Akaurudisha, ikazunguka. Akauondoa tena, na safari hii ikazunguka bila ya waya.

Mimi nilivunjika moyo, yeye hakushtuka. Aliuchomoa waya wa koili ili injini isiwake, akahakikisha gia iko huru, akatia nondo pembeni mwa injini na kumwomba baba azungushe ufunguo tena. Akiisukuma injini upande wa kulia, stata inazunguka. Akiivuta kushoto, stata inanyamaza na taa ndogo inang'aa. Alifanya hivyo mara tano au sita, maradhi yakija alipoyaita na yakiondoka alipoyaamuru, na hapo ndipo nilipojua tofauti ya dhana na yakini, kwa kuwa mafundi wanne walikuwa wameiondoa ila ile, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweza kuirudisha.

Kilichokuwa kimeharibika ni mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa, mrefu kama shubiri moja na nusu, uliounganisha injini na bodi ya gari. Waya wa hasi wa betri ulifungwa kwenye bodi, kwa hiyo taa, ambazo nazo hurejesha umeme wake kwenye bodi, hazikuuhitaji mkanda ule na ziliwaka kwa raha zao. Stata imefungwa kwenye injini, na injini imekaa juu ya raba. Isipokuwa mkanda ule na vikamba viwili vitatu vya chuma, injini haishikani na bodi. Hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa imeila bolti yake, na miaka kumi na saba ya kutikisika ilikuwa imezikata nyuzi zake karibu zote, zikabaki zimegusana kama watu waliosukumana mlangoni. Kila injini ilipozimwa ilitikisika kidogo na kutua, na haikutua kila siku mahali pale pale: ikitua nyuzi zikigusana, gari litawaka, ikitua zimeachana, litagoma. Halikuwa jambo la jioni, wala la joto, wala la maji.

Na ile choki? Tangu mwaka 1912, Cadillac ilipotoka na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, magari yamekuwa yakitumia mota ndogo inayoruhusiwa kula umeme mwingi mno kwa nukta chache. Ya gari kama lile hutaka ampea 150 au zaidi, ilhali koili hutosheka na ampea nne hivi. Kwa kiasi hicho cha stata, kizuizi cha sehemu mbili tu katika mia za omu moja hupokonya volti 3 katika volti 12. Ampea nne za koili zilipita katika nyuzi zile mbovu bila ya kusikia uzito, ndiyo sababu gari lililosukumwa liliwaka na kwenda vizuri. Lakini mto mzima wa stata ulipokosa daraja ulijaribu kuvuka kwa uzi, ukapita katika kamba ya choki, ambayo ni chuma chembamba kilichoungana na injini upande mmoja na bodi upande wa pili, ukaipasha moto. Vidole vyangu viliunguzwa na ushahidi wenyewe mwezi wa Machi, na mimi nikautupa.

Mzee alitengeneza mkanda mpya kwa kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, akapasugua kwa msasa mahali pa kufungia mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, akafunga, akapaka grisi juu. Baba alitoa fedha. Mzee alikataa kuzipokea.

"Bwana Karani, muda mrefu gari hili liliokaa bila kugoma ni siku 11. Mtu akikwambia limepona baada ya siku 11, hajakwambia kitu. Tungoje mara tatu yake. Siku ya 33 Mwalimu aje na fedha, au aje kunichukua."

Siku 33 zile niliendelea kuandika daftari, mistari yote ikiwa na neno moja, limewaka. Baba alikuwa akilisoma kila usiku baada ya isha, akirudi nyuma katika kurasa za mwanzo, na usiku mmoja nilimwona amekaa muda mrefu juu ya zile zenye Ijumaa nilizoliosha mimi. Hakuniambia neno, nami sikumuuliza. Alhamisi muda ulipotimia nilikwenda Ngamiani nikamlipa mzee, akazihesabu fedha, akarudisha kidogo kwa kuwa tulikuwa tumezidisha.

Kesho yake, Ijumaa, niliamka nikasikia maji yakichotwa pipani. Baba alikuwa uani na kanzu yake ya kulalia, akijaza ndoo mwenyewe, kazi ambayo sikupata kumwona akiifanya tangu utoto wangu. Aliibeba kwa mikono miwili hadi barabarani, akaiweka penye gurudumu la mbele, akatandika kitambaa juu ya boneti, akarudi kukaa barazani. Kijana alitoka na mswaki mdomoni, akaiona ndoo, akasimama.

"Mjomba," baba alimwita, "anza na paa. Upepo wa jana ulikuwa wa bahari."